Somo: kurudisha mezani Netrunner ya 1996

Wadau habari zenu, niliahidi somo la Netrunner, ule mchezo wa kadi wa watu wawili, basi hili hapa. Boksi nililikuta Memorial, Moshi, limekaa kwenye vitabu vya mtumba, na tangu hapo kila Jumapili mimi na binamu tunacheza. Aliyeubuni ni Richard Garfield, yule yule aliyebuni mchezo wa kadi wa Magic, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast 1996 na haukudumu sokoni, lakini mi naona kwa utamu bado unaishinda michezo mingi inayouzwa leo.

Hatua ya 1: tenganisha kadi kwa migongo. Ipo ya aina mbili, maana upande mmoja ni Kampuni anayeficha ajenda (kadi zenye pointi) na mwingine ni mdukuzi anayetaka kuziiba. Za huku hazitumiki kule.

Hatua ya 2: achana na kusaka kadi adimu. Chukueni 60 kila upande, zikipungua sawa ila zisishuke chini ya 45, mchezee boksi hilo hilo wote wawili, hapo hakuna anayemshinda mwenzie kwa hela.

Hatua ya 3: hela za mchezo ni biti. Sisi tunatumia kete za bao, kila mtu anaanza na 5, na kadi 5 mkononi.

Hatua ya 4 ndo yenyewe. Kampuni anaokota kadi moja bure halafu ana vitendo 3, mdukuzi ana 4. Kitendo kimoja ni kuchukua biti 1, au kuokota kadi, au kushusha kadi, na mdukuzi anaweza kuvamia, tena anavamia mpaka kadi za mkononi mwa Kampuni na rundo lake la kuokota. Sasa Kampuni anashusha ajenda, mitego na vizuizi vyote kifudifudi, na bei iliyoandikwa kwenye kizuizi huilipi mpaka mdukuzi aje na wewe uamue kukifunua. Juzi nilikuwa na biti 2, kizuizi kinataka 6, nikatulia tu, binamu akaogopa kuvamia raundi mbili nzima nikamaliza ajenda yangu. Changa la macho la namna hiyo ndo limefanya mchezo usizeeke.

Pointi 7 za ajenda umeshinda. Mdukuzi akipigwa madhara yanayozidi kadi za mkononi anakufa, kwa hiyo usivamie mkono ukiwa mtupu.

Mkimaliza badilishaneni upande, jumlisheni pointi.

Kinachochosha ni pale kadi ya Kampuni inapomfuatilia mdukuzi kujua alipo, kila mmoja anaficha biti kwenye ngumi mnafunua pamoja, mchezo unapoa kidogo.

MASWALI

Mdau wa Njoro: Kaka, kadi ni Kiingereza tupu, mdogo wangu darasa la sita ataweza?
– Ataweza. Mpe upande wa mdukuzi kwanza, hauna siri nyingi, na muandikie maana kwenye karatasi. Wangu alizoea mchezo wa tatu.

Mdau wa Sakina, Arusha: Ile ya kampuni ya Fantasy Flight ya 2012 si ndo hii hii?
– Hapana dada, ile ilitengenezwa upya, ikaisha 2018, sheria zimebadilika msizichanganye. Kikundi cha mashabiki, Null Signal Games, wanaiendeleza na kadi zao unaprinti bure.

Mdau wa Pasua: Mi nina za mdukuzi tu, za Kampuni hamna.
– Njoo nazo Jumapili, mi nitakuwa Kampuni.