Rampu ifike hadi madhabahuni: kulipanga kanisa kwa ajili ya watu wenye ulemavu

Makanisa mengi hapa Uganda yakiamua kuwajali watu wenye ulemavu huanza na siku moja ya mwaka ya kugawa sabuni na sukari. Msaada huo una nafasi yake, ila mtu anayepokea tu bado ni mgeni. Anakuwa mshirika siku anapopangiwa zamu: kusoma neno, kuimba kwaya, kuhesabu sadaka, kukaa kwenye kamati ya ujenzi. Maelekezo haya yanalenga huko, iwe ibada yenu ya Kiswahili ni ya mjini Kampala, ya Busia mpakani, au ya chini ya turubai kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, wazee wawili wa kanisa, mmoja wao mama, wapite nyumba kwa nyumba. Waanze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wahudumu wa afya wa kijiji, kwa sababu hao wanazijua nyumba ambazo mtoto hatolewi nje wageni wakija. Mkifika, ongeeni na mwenyewe, si mlezi wake peke yake. Ulizeni mambo matatu: nini kinakuzuia kuja, ukija nini kinakusumbua, na ungependa kufanya kazi gani kanisani. Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye uzito kuliko mengine. Majibu yabaki kwenye daftari la wazee, yasitangazwe kwenye mimbari. Mara nyingi mtasikia kwamba kizuizi cha kwanza ni nauli ya boda, au njia inayogeuka tope mvua ikinyesha. Tengeni fungu la nauli kwenye bajeti ya kanisa, alipwe mwenye boda moja kwa moja, ili mtu asiombe upya kila Jumapili.

Sasa rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia bila ngazi. Kipimo ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Cha sentimita 30 kinataka mita 3 na sentimita 60. Mafundi wengi hufupisha ili kubana nafasi, na matokeo yake ni mteremko ambao kiti cha magurudumu kinapinduka kinyumenyume. Upana uwe sentimita 120, na juu mlangoni pawe na uwanja tambarare wa mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kisimame mlango ukifunguliwa. Mlango wenyewe usipungue sentimita 90.

Jazeni murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, mkiishindilia kila tabaka la sentimita 15 kabla ya kuongeza jingine. Murram iliyomwagwa kwa mkupuo mmoja hudidimia na zege hupasuka msimu wa kwanza wa mvua. Juu yake mwageni zege la sentimita 10: saruji debe 1, mchanga 2, kokoto 4. Kwa rampu ya mita 3.6 hesabuni mifuko 3 hivi ya kilo 50, bila uwanja wa juu. Msimruhusu fundi kuilainisha kwa mwiko mpaka ing'ae. Kabla haijakauka, ipigwe mistari kwa fagio gumu, kukata upana, la sivyo mvua ikinyesha itateleza hata kwa mwenye magongo. Pembeni jengeni ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke, na wekeni kishikio cha bomba kwenye kimo cha sentimita 90. Imwagilieni maji siku 7.

Kisha jengeni nyingine ndani, ya kupandia madhabahuni. Kanisa lenye rampu mlangoni na ngazi tatu mbele ya mimbari limeshaamua nani atahubiri na nani atasikiliza, hata kama halikukusudia.

Kwenye viti, kateni benchi moja la katikati lipungue sentimita 90. Hapo mwenye kiti cha magurudumu atakaa na familia yake, badala ya kuwekwa nyuma kabisa au mbele kama maonyesho. Pale ambapo lazima abebwe na kiti chake, aombwe kwanza, breki zifungwe, na wabebaji washike fremu. Vishikio vya mikono na vya miguu huchomoka, naye huanguka.

Choo kisipofikika, ibada inayochukua saa tatu ni mateso, na watu hawa huacha kunywa maji tangu asubuhi ili waweze kuja. Choo kimoja kiwe na mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje, kiti cha zege cha kimo cha sentimita 45 hadi 50, na vyuma vya kushikia pande zote mbili. Njia ya kukifikia isiwe na mawe.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na mhubiri, mwanga umulike uso na mikono yake. Akiweka mgongo dirishani anaonekana kivuli tu. Ukalimani unachosha, kwa hiyo wawe wawili wapokezane kila dakika 20 hadi 30, na nyimbo na maandiko wapewe mapema, si asubuhi ileile. Lugha ya Alama ya Uganda ni lugha kamili, tofauti na ya Kenya au ya Marekani; kwa kiziwi aliyetoka Kongo ulizeni kwanza anatumia alama gani. Mtu asiyeona mpeni kiwiko akishike, msimvute fimbo wala mkono. Wakati wa meza ya Bwana mwambieni kikombe kiko upande gani. Wenye ualbino wakae mbali na dirisha lenye jua na karibu na mbele, na shemasi asiwalazimishe kuvua kofia uwanjani. Mtoto anayeziba masikio ngoma zikilia akae mbali na spika, pawe na mahali pa kutokea bila kukemewa.

Hapa tuseme wazi. Kifafa kinapomshika mtu ibadani, msimkemee pepo, msimshike mikono wala kumtia kijiko mdomoni. Ondoeni mabenchi, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu, angalieni saa. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe kituo cha afya mara moja. Na asiwepo mchungaji wa kumwambia mtu aache dawa kwa sababu ameombewa: dawa za kifafa zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma, na watu hufa. Maombi na vidonge vinakwenda pamoja.

Kuhusu kuombea uponyaji, ulizeni kwanza, kwa sauti ya chini, kabla ya kuweka mkono. Yesu mwenyewe alimuuliza kipofu Bartimayo, "Wataka nikufanyie nini?" Kuna atakayeomba ada ya mtoto au amani ya ndoa. Kumwita mbele kila wiki, kisha kunong'ona kwamba imani yake ni haba, ndiko kunakowaondoa wengi wasirudi tena.

Mwisho ni zamu. Bunge la Uganda lina wabunge 5 wa watu wenye ulemavu, na mabaraza ya wilaya yametenga viti vyao. Baraza la wazee wa kanisa nalo litenge angalau viwili, mwanamume na mwanamke. Asiyeona apewe somo lake siku kadhaa kabla, kwa nukta nundu (Braille) au kwa sauti kwenye simu, alishike. Mwenye ulemavu wa akili apewe kazi moja ileile kila wiki, kama kugawa vitabu vya nyimbo mlangoni, na mtu mmoja wa kufanya naye. Miezi mitatu ikipita, fungueni orodha ya zamu na mhesabu majina. Kama hawamo, rudini kwenye daftari la wazee, kwenye majibu ya swali la tatu.