Miksa kuukuu ya analogi: kuichagua, kuipima na kurekodi nayo nyumbani

Kabla ya kuuliza bei ya miksa (meza ya kukusanya na kurekebisha sauti za maiki na ala), hesabu nyaya. Miksa ya chaneli 16 ikiunganishwa yote na kompyuta inataka nyaya 16 za kupeleka sauti na 16 za kuirudisha. Hizo ni nyaya 32 na jeki 64, na bado hujanunua kadi ya sauti yenye milango ya kutosha. Hapo ndipo miksa nyingi zilizopatikana kwa bei ya kutupa huishia kuwa meza ya kuwekea vikombe. Kwa chumba cha kawaida, chaneli 8 hadi 16 zinatosha kabisa.

Tuelewane pia kuhusu sauti. Miksa za studio za Neve za miaka ya 1970, zile zenye moduli za 1073, zina transfoma mahali maiki inapoingilia na mahali sauti inapotokea, na sehemu kubwa ya ule uzito wa sauti unaosifiwa hutoka humo. Soundcraft, Tascam, Allen & Heath au Studiomaster za nyumbani za miaka ya 1980, na Mackie za miaka ya 1990, kwa kawaida hutumia IC (chipu ndogo) za kawaida kama 4558, TL072 au NE5532. Usitegemee muujiza wa Neve ndani yake. Utapata priampu (vikuza sauti ya maiki) nyingi kwa pamoja, ikwalaiza unayoishika kwa vidole, na mwimbaji anayejisikia papo hapo. Hilo la mwisho lina thamani kuliko watu wanavyodhani: kompyuta iliyowekwa ikusanye sampuli 256 (vipande vidogo vya sauti) kwa 48 kHz huchelewesha sauti milisekunde 5.3 ikiingia na 5.3 nyingine ikitoka, bila kuhesabu muda wa kadi yenyewe. Kwenye miksa hakuna kusubiri.

Kuchagua

Jambo la kwanza la kutazama ni jinsi ilivyojengwa ndani. Kuna miksa ambazo kila chaneli ni kipande chake, unafungua skrubu mbili au nne na kukichomoa peke yake. Nyingine zina ubao mmoja mkubwa chini ya uso wote. Kubadilisha volyumu moja ni lazima uvue vifuniko vya volyumu zote, ufungue nati zote, uinue ubao mzima. Kwa miksa ya miaka 35, ile ya vipande ina faida kubwa, hata kama jina lake si maarufu. Ukikwama, unachomoa chaneli mbovu unampelekea fundi ikiwa kwenye mfuko.

Jambo la pili ni kiwango cha sauti. Tascam nyingi za enzi hizo zilitengenezwa zifanye kazi na rekoda za kanda kama Tascam 38, kwa milango ya RCA na kiwango cha −10 dBV, yaani volti 0.316. Miksa za kazi za studio hutumia +4 dBu, yaani volti 1.23. Tofauti yake ni kama desibeli 12. Zote mbili zinafaa, ila ujue unachonunua ili kadi ya sauti uiweke upande unaolingana.

Miksa kama Soundcraft Ghost au Mackie 24•8 zina njia mbili ndani ya kila chaneli: moja ya maiki inayoenda kurekodiwa, nyingine, Mix-B, ya kusikiliza kinachorudi kutoka kwenye kompyuta. Kwa chumba kidogo mpangilio huo hubana nafasi vizuri, kwa sababu chaneli 24 zinaweza kupokea vitu 48 wakati wa kuchanganya.

Umeme

Miksa nyingi za mtumba zimetoka Japani, Marekani au Uingereza, na kila nchi ina umeme wake. Tazama nyuma: 100V ni Japani, 117 au 120V ni Marekani, 220 hadi 240V ni ya kuchomeka ukutani kwetu. Zikiwa na swichi ya kuchagua volti, igeuze mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa, kisha badilisha fyuzi: inayofaa 230V huwa na ampea karibu nusu ya ile ya 115V. Ukiacha fyuzi ya 115V, siku ya hitilafu itachelewa kukatika, au transfoma itatangulia kuungua.

Ya 100V ina mtego wake. Transfoma nyingi za kupunguza umeme madukani zimezungushwa mbili kwa moja, 220 kwenda 110. Ukutani kukiwa na 240V, upande wa pili unatoka 120V, na mashine ya 100V imezidishiwa asilimia 20. Itawaka, hata itapiga vizuri, huku vidhibiti vya volti vikichemka mpaka vife. Tafuta transfoma yenye mlango wa 100V, pima kwa testa (mita ya kupima volti) kabla ya kuchomeka, na chukua yenye uwezo mara mbili au zaidi ya wati zilizoandikwa nyuma ya miksa: ya wati 60 ipe transfoma ya 150. Mashine iliyoandikwa 60 Hz pekee itapata joto zaidi kwenye umeme wetu wa 50 Hz, kwa hiyo iache ipumue.

Pawa saplai ikiwa boksi la nje, hakikisha lipo na ndilo lenyewe, pamoja na waya wake. Muuzaji anayesema “saplai utapata popote” anakuuzia chuma chakavu.

Kuipima mbele ya muuzaji

Beba hedifoni, maiki ya kawaida kama SM58, waya wa maiki wa XLR (wenye pini tatu), waya wa kutoka kwenye simu kwenda jeki mbili kubwa, testa, kurunzi, na mlio wa 1 kHz kwenye simu. Omba saa nzima. Asiyekupa saa nzima ana sababu zake.

Kwanza nusa. Harufu ya samaki au ya bakelaiti iliyoungua karibu na pawa saplai ni kapasita (kihifadhi chaji) iliyovuja au rezista iliyopikwa. Iwashe, teremsha fada zote (zile zinazopandishwa na kushushwa), iache dakika 30 ipate joto, kwa sababu ubovu mwingi hujitokeza ikishapata moto.

Sasa pandisha fada kuu peke yake na usikilize. Mlio mwepesi wa “shhh” ni wa kawaida. Mvumo ndio wa kuuchunguza. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Kapasita kubwa za pawa saplai zikikauka, mvumo unaosikika ni wa 100 Hz, mkali kidogo kama nyuki ndani ya debe. Mvumo wa 50 Hz ni mzito zaidi, na mara nyingi unatokana na ethi au transfoma iliyo karibu. Wa kwanza unatibika kwa kapasita chache za bei nafuu, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Wa pili huenda hauhusiani na miksa kabisa.

Halafu chaneli moja baada ya nyingine, kwa karatasi na kalamu. Ingiza mlio wa 1 kHz, zungusha kila volyumu mwanzo hadi mwisho, bonyeza kila swichi mara kumi, telezesha fada. Andika kinachokwaruza. Umeme wa fantomu (unaoendesha maiki za kondensa) upime kwenye XLR: kati ya pini 1 na 2, kisha 1 na 3, testa isome volti 44 hadi 52. Pini 2 na 3 zikitofautiana zaidi ya volti moja, kuna kapasita inayovuja au rezista iliyokufa.

Chaneli inayokufa na kufufuka ndiyo inayowadanganya wengi. Sauti inakatika, ukiipiga miksa kofi inarudi. Mara nyingi chanzo ni tundu la inseti nyuma, lile la kutoa sauti ya chaneli nje na kuirudisha. Tundu hilo lina vibati vidogo vinavyopitisha sauti wakati hakuna jeki ndani. Vikishika kutu, sauti haipiti. Ingiza jeki na kuitoa mara 15 mfululizo. Chaneli nyingi zinazouzwa kama “mbovu” zinapona hapo hapo, bila bisibisi.

Kwenye chaneli 16, swichi kukwaruza na chaneli mbili tatu kufa ni jambo la kawaida. Geuka uondoke ukikuta ubao una rangi ya kijani ya kutu kwenye njia za shaba, fada za kampuni zimevunjika na hazitengenezwi tena, au mtu ameshalehemu kwa fujo. Miksa iliyokaa Mombasa, Unguja au Dar karibu na bahari ifungue kifuniko cha chini kabla ya kulipa. Chumvi ya hewani haisamehe shaba.

Matengenezo ya mwanzo

Anza na pawa saplai, hata kama miksa inapiga. Ichomoe, kisha toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista ya kΩ 1, wati 5: kapasita ya µF 10,000 itakuwa imetulia baada ya dakika moja. Usitumie bisibisi kuzigusanisha. Weka mpya zenye µF ileile, volti sawa au zaidi, zilizoandikwa 105°C, na tazama alama ya hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Ikigeuzwa, inapasuka.

Washa, pima laini mbili kuu. Mara nyingi ni +15 na −15 au +17 na −17. Tofauti ya zaidi ya nusu volti kati ya chanya na hasi ni dalili ya kidhibiti kuchoka. Kisha weka testa upande wa AC, milivolti, uunganishe kupitia kapasita ya µF 1 isiyo na polariti, kwa sababu testa za bei nafuu hudanganywa na DC. Ukiona milivolti nyingi badala ya chache, kuna kapasita au daiodi ya kubadilisha.

Fada na volyumu zina dawa tofauti. Swichi na volyumu za duara, puliza kidogo spray ya kusafishia kontakti, zungusha mara 20. Fada usizipulizie dawa hiyo: huyeyusha grisi, na fada iliyokuwa laini inaanza kukwama kama droo iliyolowa. Tumia dawa maalum ya fada yenye kilainishi. WD-40 iache kwa bawaba za mlango.

Volyumu ikikwaruza, ukaisafisha, na baada ya wiki inakwaruza tena, haina uchafu. Kuna DC inayopita ndani yake kutoka kwenye kapasita ya jirani inayovuja. Weka testa DC kwenye miguu yake. Penye afya utasoma karibu na sifuri. Badilisha kapasita, volyumu itanyamaza yenyewe.

Kapasita za chaneli zibadilishe chaneli moja kwanza, kisha linganisha na jirani yake ambayo hujaigusa. Usiposikia tofauti, okoa pesa zako. Ncha ya lehemu ya nyuzi 350 hivi, sekunde tatu kwa mguu; ubao wa zamani ukipikwa zaidi, njia ya shaba inabanduka.

Tahadhari na wanaoshauri kung'oa TL072 zote na kuweka NE5532. TL072 hula kama milliampea 2.8, NE5532 kama 8. Chaneli 24 zenye IC nne kila moja zina IC 96: kutoka milliampea 269 unaruka hadi 768, kwenye pawa saplai ileile. Baada ya hapo unatafuta fundi wa pawa saplai.

Kuiunganisha na kompyuta

Njia rahisi ya kutoa sauti ya kila chaneli ni inseti. Kwa kawaida ncha ya jeki ya stereo hupeleka na pete hurudisha, ingawa baadhi ya miksa zimegeuza, soma mwongozo. Ndani ya jeki ya stereo, unganisha ncha na pete pamoja, peleka kwenye ncha ya jeki ya mono upande wa kadi. Hapo kompyuta inapata sauti, na chaneli inaendelea kupiga kwenye miksa bila kukatika. Nyaya hizi hazina ulinzi wa balansi, zisizidi mita tatu au nne.

Ukitumia tundu la kutoa moja kwa moja badala ya inseti, jua kwamba kwenye miksa nyingi tundu hilo liko baada ya fada. Ukiishusha fada kumpunguza mpiga ngoma kwenye hedifoni, umeshusha na rekodi yake. Inseti nayo mara nyingi iko kabla ya ikwalaiza, kwa hiyo besi uliyoongeza kwa dakika kumi haimo kwenye faili.

Kadi yenye milango minane ya analogi, kama Scarlett 18i20, pamoja na kifaa kingine cha kuongeza milango kwa njia ya kidijitali ya ADAT, inakufikisha 16 kwa 48 kHz. Piga mlio wa 1 kHz, peleka sindano ya VU (kipimo cha sauti cha miksa) kwenye sifuri, rekebisha kadi mpaka programu isome −18 dBFS. Hapo kwenye kompyuta unabaki na nafasi ya desibeli 18 kwa mapigo ya ghafla.

Mvumo ukianza siku ya kuunganisha, chomeka vifaa vyote kwenye extension moja, kisha chomoa waya wa sauti mmoja mmoja mpaka unyamaze. Chaja ya laptopu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Waya uliopatikana, upitishe kwenye transfoma ndogo ya kutenganisha, yenye uwiano wa 1:1. Ethi ya ukutani isikatwe hata siku moja.

Wakati wa kuchanganya, usirudishe nyimbo 30 kwenye miksa. Zikusanye kwenye programu ziwe njia nane: kiki, ngoma nyingine kwa njia mbili (stereo), besi, gitaa mbili, sauti mbili. Weka fada karibu na sifuri na ufanye kazi ndogo ndogo kwa mkono.

Miksa haihifadhi chochote. Ukimaliza, piga picha ya uso wote, kisha picha ya karibu ya kila chaneli nne, taa ikitoka ubavuni ili mistari ya volyumu ionekane. Zima spika kwanza, miksa baadaye. Ifunike kwa kanga au shuka. Nailoni hufungia unyevu ndani, na mende huipenda.