Poka si Kadi: maneno na sheria za kubeti kwa anayeanza

Ukimwambia kijana wa Nairobi "njoo tucheze poka", atatoa karata mfukoni aanze kugawa nne nne. Kichwani mwake ni kadi, ule mchezo wa bwenini: 2 inakuokotesha mbili, 3 inakuokotesha tatu, J inaruka mtu, K inarudisha, Q na 8 zinauliza swali, na ukisahau kusema "niko kadi" umeumia. Mchezo mtamu, mimi nilimaliza nao sekondari. Lakini sio huu. Poka ninayoieleza hapa ni Texas Hold'em, ile ya kwenye runinga. Huku karata unazoshika ni mbili tu. Kazi yote iko mdomoni.

Nimekuwa nikifundisha wageni nyumbani kwangu South B kila Jumamosi jioni, na sijaona mgeni aliyesumbuliwa na karata. Wanasumbuliwa na zamu: imefika kwangu? Niseme nini? Niweke ngapi? Kwa hiyo mambo ya karata nitayapitia haraka, na kwenye kubeti tutakaa.

Hatua ya 1: Andaa meza

Tafuta pakiti moja ya karata 52 na utoe majoka (zile za joker). Ukipata za plastiki, afadhali. Za karatasi zikishikwa na vidole vya mandazi hupata alama, na ikifika saa tatu usiku meza nzima inajua A ya kopa iko kwa nani.

Chipu za kununua si lazima. Kwetu punje ya mahindi ni 10, haragwe ni 50, kifuniko cha soda ni 100. Kila mtu anaanza na 1,000: mahindi 20, maharagwe 6, vifuniko 5. Zote zinazowaniwa huingia kwenye sufuria ndogo katikati ya meza, na ndiyo maana kwangu husikii mtu akisema "poti", tunasema sufuria. Ikijaa utadhani ni githeri inayongoja moto. Hatuchezi kwa pesa. Anayetaka pesa aende kasino, awe ametimiza miaka 18, na ajue kwamba huko hakuna wa kumwambia "basi rudisha, ulikuwa hujui".

Tafuta pia kitu cha kuonyesha nani ndiye mgawaji wa raundi hiyo. Kasino wana kidude cheupe wanachokiita batani. Sisi tuna kifuniko cha Blue Band.

Hatua ya 2: Jua kipi kinashinda kipi

Kuanzia chini kwenda juu: karata kubwa peke yake, jozi, jozi mbili, tatu sawa, streiti (tano zinazofuatana, kama 5-6-7-8-9), flashi (tano za aina moja), fulu hausi (tatu sawa pamoja na jozi), nne sawa, na streiti flashi. Ile ya kuanzia 10 hadi A kwa aina moja ndiyo kubwa kuliko zote. Ukigawiwa karata tano tu, nafasi ya kuipata ni 1 kati ya 649,740, kwa hiyo usiingoje. A inaweza kuanza streiti (A-2-3-4-5) au kuimaliza, lakini haikai katikati: Q-K-A-2-3 si kitu. Shupaza, kopa, uru na maua hazizidiani nguvu.

Kosa ninaloliona kila mwezi ni la jozi tatu. Mezani kuna K-K-9-9-A. Wewe umeshika 5-5, unafurahi. Lakini mkono wa poka ni karata tano bora kati ya saba (mbili zako na tano za mezani, ambazo ni za wote), basi. Jozi mbili kubwa ni K na 9, ya tano ni A, na 5 zako hazina pa kukaa. Jirani aliyeshika 7 na 8 ana mkono uleule, kwa hiyo mnagawana sufuria nusu kwa nusu.

Hatua ya 3: Blaindi, kisha ugawaji

Aliye kushoto kwa kifuniko cha Blue Band anaweka blaindi ndogo (dau la lazima), kwetu 10. Anayemfuata anaweka blaindi kubwa, 20. Wanaziweka kabla ya kuona karata, na bila hizo kila mtu angekaa kimya hadi apate A mbili, jambo linalotokea mara 1 kati ya 221. Tungekesha.

Kila mchezaji anapata karata mbili za siri. Baada ya kubeti, mgawaji anatupa moja ya juu kifudifudi (huko ndiko "kuchoma"), anafunua tatu: hiyo ni flopu. Mnabeti tena, anachoma, anafunua ya nne. Mnabeti, anachoma, anafunua ya tano, iitwayo riva. Mnabeti mara ya mwisho.

Hatua ya 4: Maneno matano

Cheki: unapitisha zamu bila kuweka kitu. Inaruhusiwa tu kama hakuna aliyeweka kitu unachopaswa kukilipia. Kugonga meza ni sawa na kutamka, kwa hiyo kama una mazoea ya kupigapiga vidole redioni ikicheza benga, ikunje mikono. Otieno amewahi kucheki akiwa na tatu sawa kwa sababu ya wimbo.

Beti: wewe ndiwe wa kwanza kuweka katika mzunguko huo wa kubeti. Isipungue blaindi kubwa.

Koli: unafuata, unaweka sawasawa na kilichowekwa.

Reizi: unapandisha.

Foldi: unatupa karata na kujitoa. Ulichokwisha kuweka hakirudi, na usiwaonyeshe wengine ulichotupa wakati bado wanacheza.

Sasa zamu. Kabla ya flopu, wa kwanza kusema ni aliye kushoto kwa blaindi kubwa, na blaindi kubwa mwenyewe anasema mwisho. Kama wote wamekoli 20 yake tu, bado ana haki ya kucheki au kupandisha. Usifunue flopu kabla hajasema. Baada ya flopu mambo yanageuka: anaanza aliye karibu zaidi kushoto kwa kifuniko miongoni mwa waliobaki, na mwenye kifuniko anasema mwisho. Kusema mwisho ni mali. Umeshawasikia wote, wao hawajakusikia.

Hatua ya 5: Pandisha kwa hesabu

Hapa ndipo sauti hupanda nyumbani kwangu. Sheria ni hii: nyongeza yako isipungue nyongeza ya mwisho iliyofanywa katika mzunguko huo. Tazama nyongeza, siyo jumla.

Blaindi kubwa ni 20. Mutua anapandisha hadi 60. Ameongeza 40 juu ya 20. Shiru naye akitaka kupandisha, lazima aongeze angalau 40 juu ya 60, yaani hadi 100. Wengi hudai ni 120, "kwa sababu ni mara mbili". Mara mbili hukubaliana na sheria kwa reizi ya kwanza tu: 20 kwenda 40. Baada ya hapo hesabu ya mara mbili inakudanganya.

Halafu Kiswahili chenyewe kina mtego. "Napandisha 60" ina maana gani? Kuna anayemaanisha jumla iwe 60, kuna anayemaanisha 60 zaidi. Kwangu tuliamua: useme "hadi" au "kwa". "Hadi 60" ni jumla, "kwa 60" ni nyongeza. Asiyesema hata moja, tunahesabu kuwa ni jumla. Tangu siku hiyo ugomvi umepungua, ingawa haujaisha.

Sema kwanza, sogeza baadaye. Somo hili nililipia. Miaka kadhaa iliyopita, katika kasino moja hapa mjini, mtu alibeti 200 mbele yangu. Nilikuwa na K tatu. Nikatupa chipu moja ya 1,000, kimya, kwa madaha, nikidhani kila mtu ameelewa nimepandisha. Mgawaji akasema, "Koli," akanirudishia 800. Nikalalamika, akanieleza kwa upole kwamba chipu moja kubwa isiyo na neno, ukiwa umebetiwa, ni koli. Ndivyo sheria ilivyo, na kosa lilikuwa langu. Yule bwana alikuwa akitafuta flashi, akaipata kwenye riva kwa bei ya bure.

Dada yake kosa hilo ni kubeti kwa mafungu: unaweka koli, unamtazama mwenzako usoni, kisha unarudi kwenye chipu zako kuongeza. Hairuhusiwi. Mkono unakwenda mara moja. Na ile ya sinema, "nakoli mia yako… na ninapandisha mia tatu," iache palepale kwenye sinema. Ukishasema "nakoli", umekoli.

Hatua ya 6: Oli-ini na kikombe

Oli-ini ni kuweka kila ulicho nacho mezani. Huwezi kutolewa mchezoni kwa kukosa cha kufuatia, wala huwezi kutoa noti mfukoni katikati ya raundi ili uongeze. Unawania kile tu ulichoweza kukilinganisha.

Tuseme Kamau ana 200, Shiru 500, Otieno 800, na wote watatu wanamimina. Kutoka kwa kila mmoja chukua 200: sufuria ina 600, na hiyo wote wanaiwania. Shiru amebaki na 300 za kuweka, Otieno 600. Chukua 300 kwa kila mmoja, tia kwenye kikombe cha bati kando: 600 nyingine, ya Shiru na Otieno peke yao. Zile 300 za Otieno zilizozidi hazina mpinzani, mrudishie. Kamau akiwa na karata bora kuliko wote, anabeba sufuria tu. Kikombe wanashindana wale wawili. Gawa vyombo kabla ya kufunua karata. Ukichelewa, mahindi yakishachanganyika hakuna wa kuyatenganisha.

Kuna kipengele kimoja kidogo hapa. Shiru amebeti 100, Otieno amekoli, Mama Njeri ameweka zake zote, 150. Nyongeza yake ni 50, haifiki reizi kamili. Shiru na Otieno wanaweza kulipa hiyo 50 au kufoldi, lakini hawana ruhusa ya kupandisha tena, kwa sababu walishasema na hakuna reizi kamili iliyowafungulia mlango.

Yote haya ni ya mchezo usio na kikomo cha kubeti. Kuna ule ambao kikomo ni sufuria yenyewe: ikiwa na 100, mtu akabeti 50, unahesabu koli yako kwanza, inakuwa 200, na hiyo 200 ndiyo nyongeza yako ya juu kabisa. Jumla unaweka 250. Anza na usio na kikomo, huu utaujia.

Hatua ya 7: Uliza bei kabla ya kufuata

Imebaki riva tu, una kopa nne, unatafuta ya tano. Sufuria ina 80, mtu anabeti 40. Ufuate? Unalipa 40 ili jumla iwe 160, yaani unatoa robo. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, chini kidogo ya asilimia 20. Bei ni 25, bidhaa ni 20. Foldi. Njia ya mkato: hesabu karata zinazokuokoa, zidisha kwa 2 ikiwa imebaki moja ya kufunuliwa, kwa 4 zikiwa zimebaki mbili na hakuna tena wa kubeti.

Hatua ya 8: Kufunua

Aliyebeti au kupandisha mwisho kwenye riva ndiye anaonyesha kwanza. Kama wote walicheki, anaanza wa kwanza kushoto kwa kifuniko. Weka karata zote mbili wazi mezani. Usitangaze tu kwa mdomo. Mkifungana kwa jozi, karata kubwa ya pembeni ndiyo inaamua: A-K inamla A-J mezani pakiwa na A-9-7-4-2.

Kisha kifuniko cha Blue Band kinasogea kushoto. Mkibaki wawili, kumbukeni mwenye kifuniko ndiye anayeweka blaindi ndogo. Anasema kwanza kabla ya flopu, na mwisho baada yake. Kwangu hata wazoefu huigeuza hii, hasa ikishapita saa nne na maharagwe yote yako upande mmoja.