Kuhesabu pointi za Stableford kwa hendikapu yako, shimo kwa shimo

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye baraza la klabu na mwenzangu aliyeanza gofu mwaka huu, tukitafuta pointi moja katika kadi yake ya Stableford, mfumo unaompa mchezaji pointi katika kila shimo kulingana na mikwaju aliyopiga. Mimi nilikuwa nimehesabu 33, yeye 34, na magharibi ilitukuta bado tumeiinamia kadi ile. Hatua zifuatazo ni zile tulizozipitia hadi tukaiona.

Hatua ya 1: Pata hendikapu ya kuchezea

Hendikapu ni idadi ya mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, lakini namba iliyo katika rekodi yako ni fahirisi tu. Katika mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, fahirisi ni wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, nayo haizidi 54.0. Izidishe kwa slopu ya tii (sehemu za kuanzia kila shimo) unazochezea, ambayo hupima ni kwa kiasi gani uwanja unamlemea mchezaji wa kawaida kuliko yule wa hendikapu sifuri, gawanya kwa 113, kisha jumlisha tofauti iliyopo kati ya kiwango cha uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa hendikapu sifuri) na pa (idadi ya mikwaju iliyowekewa shimo au uwanja mzima).

Mwenzangu ana fahirisi ya 20.4, slopu ilikuwa 125, kiwango 71.2 na pa 72. Mara 125, gawanya kwa 113, toa 0.8: jibu ni 21.77, yaani hendikapu ya uwanja ya 22. Katika shindano la Stableford la mchezaji mmoja mmoja huchukuliwa asilimia 95. Chukua asilimia hiyo kutoka 21.77 kabla ya kukadiria, upate 20.68, na hapo ndipo ukadirie kuwa 21.

Hatua ya 2: Gawa mikwaju kabla hujapiga mpira wa kwanza

Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia. Kila shimo lina namba ya ugumu kwenye kadi, kuanzia 1 hadi 18, na namba hiyo haifuati mpangilio wa mashimo. Mwenye 21 hupewa mkwaju mmoja katika kila shimo, kisha ile mitatu iliyobaki huenda kwenye mashimo yenye namba 1, 2 na 3, popote yalipo uwanjani.

Mwenzangu alikuwa ameichukua 22 kutoka kwenye ubao ulio karibu na tii ya kwanza, ambao huonyesha hendikapu ya uwanja, akaigawa kama ilivyo. Kwa hiyo shimo la 13, la pa 5 na namba ya ugumu 4, alijipa mikwaju miwili badala ya mmoja. Alipiga 7, akaandika pointi 2 ilhali stahili yake ilikuwa 1. Kila tuliporudia kujumlisha, jumla zetu zilikuwa sahihi, kwa kuwa kosa lilikuwa limefanyika kabla ya kujumlisha.

Ndiyo maana nasisitiza penseli. Weka nukta moja kwenye kisanduku cha kila shimo lenye mkwaju mmoja na mbili palipo na miwili. Programu za simu hugawa haraka, lakini hazikuonyeshi zimeanzia namba ipi, na anayeanza anahitaji kuuona mgawanyo huo kwa macho yake.

Hatua ya 3: Hesabu pointi

Chukua pa, ongeza nukta zako, ongeza 2, toa mikwaju uliyopiga. Jibu likiwa chini ya sifuri, andika sifuri. Dkt. Frank Stableford, ambaye mfumo wake ulichezwa katika klabu ya Wallasey, Uingereza, Mei 1932, alitaka shimo moja baya lisimharibie mchezaji raundi nzima. Hivyo ukiona pointi haipatikani tena, okota mpira ili walio nyuma wasisubiri. Pointi 36 maana yake umecheza sawasawa na hendikapu yako.

Hatua ya 4: Andika matokeo ya rekodi

Ukiokota mpira, rekodi hupokea pa, ongeza 2, ongeza mikwaju uliyopewa, na hapa tu mgawanyo hufuata hendikapu ya uwanja. Kwa mwenzangu ni ile 22 ya ubaoni: angeokota mpira katika shimo la 13, ingeandikwa 9.