Utalii wa ndege kijijini: anzeni na anayejua ndege analala wapi

Watu wengi wakisikia utalii wa ndege wanakimbilia kujenga. Nyumba za wageni, kibao kikubwa barabarani, geti, afu mwaka unapita na hakuna aliyekuja. Sababu ni moja, mtazama ndege haji kulala, anakuja kuona. Duniani kuna aina zaidi ya 10,000 za ndege na huyu mtu ana orodha yake ya aliowaona, anawatafuta ambao bado, na yuko tayari kulala kwenye hema na kuamka saa kumi alfajiri na kupiga matope masaa matatu, ilimradi uhakika wa kumuona upo. Huo uhakika ndo bidhaa yenu. Na haupo kwa kampuni ya utalii mjini wala kwa mtaalamu mwenye vitabu, upo kwa mama anayepita njia ileile kila asubuhi kwenda kuteka maji, upo kwa mzee aliyewahi kuwinda, upo kwa vijana wanaochunga. Kijiji kikishajua kwamba hicho kinachojulikana kichwani mwao ni mali, na ni mali yao, mengine yote yanafuata vizuri.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukaa na kusikiliza. Usianze na kitabu cha picha, hili kosa nimelifanya mwenyewe na nimeona wengine wakilifanya, unamfungulia mzee kurasa na yeye kwa heshima anakuitikia kila picha, huyu yupo, na huyu yupo, unaondoka na orodha ndefu isiyo na maana. Uliza tabia badala ya picha: analia saa ngapi, anatembea chini au anakaa juu, anaonekana mwezi gani, anakula nini. Kuna mzee mmoja tulikaa naye kwenye gogo kabla jua halijatoka, ndege akalia mbali ndani ya kichaka, mzee hakutaja jina kwanza, alishusha kiganja mpaka kama shubiri moja kutoka ardhini akasema huyu hapandi juu, anatembea, anafanya hivi, akachukua vidole viwili akawa anageuza majani makavu moja moja taratibu, afu akasimama kidogo, akageuza tena. Dakika ishirini baadaye ndege akatoka akafanya vilevile. Ile dakika ya mkono kwenye majani ilinifundisha kuliko kitabu nilichokuwa nimebeba.

Hayo mnayoyasikia yaandikeni kwenye daftari kubwa linalokaa kijijini, sio kwenye laptop ya mgeni. Tarehe, saa, mahali, wangapi, walikuwa wanafanya nini, na jina la ndege kwa lugha ya hapo ndo liandikwe kwanza, la kitaalamu litakuja baadaye. Endeleeni mwaka mzima kama mnaweza, maana kuna wanaohama na kuna wanaonyamaza miezi kadhaa, na mgeni akiuliza aje lini mnatakiwa kujibu kwa uhakika. Kwenye kutambua majina kuna apu ya Merlin, ni ya bure, ukishapakua pakiti ya eneo lenu inafanya kazi hata bila mtandao na inasaidia kutambua sauti, japo inakosea kwa hiyo msiiamini kuliko masikio ya wazee. Pia kuna eBird, tovuti ya kuwekea orodha za ndege mlioona, imekuwepo tangu 2002, mkiweka orodha zenu humo watazama ndege wa dunia nzima wanaona, na kusema kweli ndo tangazo zuri kuliko posti za mitandao ya kijamii kwa sababu wengi wao wanapanga safari kwa kuangalia humo. Ila tafadhali, sehemu kamili ya kiota au mti wa kulala msiiweke hadharani, hasa kasuku, bundi na ndege wakubwa wanaowinda. Wanaotafuta ndege wa kuuza nao wanasoma intaneti.

Baada ya hapo mtafuteni ndege mmoja. Mmoja tu ambaye ni adimu kwingine na kwenu anaonekana bila kubahatisha. Mkitangaza kwamba mna aina 300 hakuna atakayesisimka, lakini mkisema tuna huyu, na tunakuonyesha, watu wanapanda ndege kuja. Ángel Paz wa Ecuador alikuwa mkulima wa kawaida maeneo ya Mindo, miaka ya mwanzo ya 2000 akaanza kumzoesha ndege mmoja wa chini ya msitu, antipita mkubwa, ambaye ni mgumu sana kumuona, akimpelekea minyoo na kumwita kwa jina, Maria, mpaka Maria akawa anatoka kichakani. Watu wanatoka mabara mengine kwenda kwenye shamba lile. Kule kinamasi cha Mabamba Uganda ndege wao ni korongo-nyangumi, yule mkubwa mwenye mdomo mpana, wavuvi zamani walimuona ni mkosi wa samaki na wengine walikuwa wanamuua, sasa hivi wavuvi haohao ndo wanapiga kasia kupeleka wageni kumtazama.

Hapo niseme kitu kuhusu wawindaji kwa sababu vijiji vingi vinawaficha au vinawatenga. Msifanye hivyo. Mwindaji anajua njia, anajua kukaa kimya, anajua mnyama anasikia nini, huyo ni mwongozaji nusu tayari. Pangti, kijiji cha Nagaland huko India, mwaka 2012 kilijulikana vibaya kwa kunasa kozi wa Amur maelfu kwa maelfu kwa nyavu wakati ndege hao wanapita kuelekea kusini mwa Afrika, na msimu uliofuata wa 2013 kijiji chenyewe kiliacha, waliokuwa wakitega wakawa walinzi, wageni wakaanza kuja kuangalia lile kundi likijaza anga jioni. Walikaa vikao, walikubaliana, na wenye kupoteza kipato walisikilizwa.

Vikao vya pesa viwe kabla ya mgeni wa kwanza, sio baada. Nasisitiza hili kwa sababu ndo linaloua miradi mingi kuliko ukosefu wa wageni. Kabla pesa haijaja kila mtu ana roho nzuri na maamuzi yanapita, ikishaingia mifukoni mwa wawili watatu hamna tena kikao kitakachoisha salama. Kaeni wote, wanawake wawepo na waongee (wao ndo watapika na kupokea wageni, afu mara nyingi ndo wanaosahauliwa kwenye mgao), jadilini mwongozaji anapata ngapi, mpishi ngapi, mbeba mizigo, mpiga kasia, mwenye shamba ambalo njia inapita, na mfuko wa kijiji unabaki na ngapi. Andikeni kwenye karatasi kubwa ibandikwe mahali kila mtu anapita. Waongozaji waende kwa zamu, hata kama kuna mmoja hodari zaidi, vinginevyo wenzake watachoka kulinda msitu unaomtajirisha mtu mmoja. Mfuko uwe na kazi inayoonekana. Bigodi kule Uganda, kikundi chao kimeanza 1992, mapato ya kutembeza wageni kwenye kinamasi yamesaidia shule ya sekondari, hata asiyependa ndege anaona faida kwa mtoto wake. Na kuna mbinu ya Tmatboey, Kambodia, nzuri sana mimi naona, mgeni anachangia zaidi kwenye mfuko akifanikiwa kuwaona kwarara, wale ndege adimu aliowafuata. Maana yake ndege akiuawa au mti wake ukikatwa kijiji kizima kinapoteza pesa, na kila mtu anajua hivo.

Sasa mafunzo ya waongozaji. Darubini nunueni 8x42, ile 8 ni ukuzaji na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Za 10 zinakuza zaidi lakini mkono ukitetemeka kidogo picha nzima inacheza, na ndani ya msitu wenye giza 8x42 inatoa mwanga zaidi. Mbili nzuri za kushea ni bora kuliko kumi za bei chee. Mfundishe kila mtu kuiweka sawa na macho yake: ikunje mpaka duara mbili ziwe moja, funga jicho la kulia uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi, afu funga la kushoto na uzungushe kile kipete cha upande wa kulia. Wengi hawaambiwi hii, wanatazama miaka na ukungu wakidhani macho yao mabovu. Na usitafute ndege kwa darubini, mtafute kwa macho, ukimpata usiyatoe macho kwake, inua darubini iingie katikati. Vumbi lipulize kwanza ndio ufute, na msiihifadhi sehemu yenye unyevu, vioo vinaota ukungu.

Kuelekeza mgeni ni ufundi wake pia. Usinyooshe kidole useme pale pale, anza na kitu kikubwa: mti wenye gome jeupe, panda mpaka tawi la pili, nenda kulia, nyuma ya majani makavu. Wageni wengi wanaelekeza kwa mishale ya saa, yaani 12 ni juu ya mti na 3 ni kulia, hapo sisi tuwe makini maana saa tatu yetu mshale unaelekea kwenye 9 na yake uko kwenye 3, atatazama upande wa pili kabisa na ndege ataruka. Kubalianeni mapema.

Sauti za kurekodi za kumwita ndege wekeni sheria kali. Ndege akisikia sauti ya mwenzake anadhani amevamiwa, anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na spika. Kila siku, kila kundi, mwisho anazoea na haji tena au anahama. Cheza kwa muda mfupi, akionekana zima, na karibu na kiota usicheze kabisa, hata mgeni akiongeza pesa. Makundi yasizidi watu sita hivi, mwongozaji awe na haki ya kusema tunaondoka na uongozi wa kijiji umuunge mkono.

Njia, choo na maji salama wala si vya gharama. Njia iwe nyembamba, majani makavu yafagiliwe ili miguu isipige kelele, sehemu moja mbili jengeni kibanda cha kujificha cha vifaa vya hapohapo. Choo kiwe safi. Namba ya simu iwe moja na mtu anayeijibu awepo, wageni wengi wanapotea hapo tu.

Wageni wa kwanza wawe wapenda ndege wa nchini mwenu, kwa bei ndogo, mwaambie wazi ni majaribio na mnaomba waseme ukweli. Na mashamba msiyaache, mwaka 2020 wageni walikatika dunia nzima ndani ya wiki chache na vijiji vilivyotegemea utalii peke yake viliumia sana.

Jioni ile wageni wakishaondoka, kabla watu hawajatawanyika, kaeni chini na daftari. Pesa ihesabiwe mbele ya wote na kila mtu apate chake hapohapo, afu mwongozaji asome alichoona, wapi na saa ngapi. Kama amekuta kiota karibu na njia, asubuhi yake ile njia iwekewe tawi la kuziba na wageni wapitishwe kwingine mpaka makinda yaruke.