Popkoni za chizi zinazolia ukitafuna, hata na unyevu wa Mombasa

Wengi mnaopunguza wanga mnauliza mtafune nini jioni, wakati nyumba nzima imekaa na kachiri za muhogo na viazi karai. Mimi jibu langu ni moja, chizi iliyokaushwa alafu ikapigwa moto mkali mpaka ikafura. Cheddar gramu 100 ina wanga gramu 1 mpaka 3 hivi, na krisps za viazi kwa uzani huohuo zinafika kama gramu 50, tofauti si ndogo. Sukari ya maziwa nyingi inatoka na yale maji yanayochujwa chizi ikitengenezwa, na ile inayobakia bakteria wanaila wanaigeuza asidi, kwa hivo chizi iliyokomaa inabaki na wanga kidogo sana.

Sasa shikeni hili kabla ya yote: kazi nzima hapa ni kutoa maji. Maelezo mengi utakayoyapata yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia katakata chizi, funika kitambaa, iache juu ya meza siku 3. Kwetu usifanye hivo. Joto letu likipita 30 mafuta ya chizi yanatoka jasho, na hewa ya bahari ishajaa maji yake yenyewe, kwa hivo chizi haikauki, inalegea tu na mwisho inaota ukungu. Sisi tunakaushia ndani ya friji bila kufunika, manake hewa ya friji ni kavu na ubaridi unazuia isiharibike.

Hatua ya 1: chagua chizi

Chukua cheddar ngumu au Gouda, kipande kizima, gramu 200 zatosha kuanzia. Zinazotengenezwa hapahapa Kenya, za Limuru na Nyeri, ni nzuri na supamaketi kubwa za Nyali na mjini utazipata. Mozzarella mbichi iache, zaidi ya nusu yake ni maji. Ile iliyokwaruzwa tayari kwenye pakiti mara nyingi imepakwa unga wa viazi isishikane, na huo unga ni wanga uleule unaoukimbia. Zile slaisi za kufungwa mojamoja pia soma nyuma kwanza, nyengine zina stachi na chumvi za kuifanya iyeyuke laini.

Hatua ya 2: kata ndogo

Chizi iwe baridi ikitoka kwa friji, ukiwa na kisu kikali. Vipande viwe vya nusu sentimita hivi kila upande, na vilingane. Kama kimoja kikubwa na kingine kidogo, kidogo kitaungua na kikubwa katikati bado ni mpira.

Hatua ya 3: kausha, na hapa usiwe na haraka

Tandika tishu ya jikoni kwenye sinia, juu yake weka ule waya wa kupozea keki kama unao (matundu yawe madogo vipande visipite), kama huna tishu peke yake sawa lakini ubadilishe kila siku kwa sababu itanyonya mafuta. Panga vipande visigusane. Sinia iende shelfu ya juu, mbali na samaki na vitunguu, manake chizi inavuta harufu kuliko unavyodhani na hakuna bizari itakayoiondoa. Kila siku vigeuze. Siku 3 ndio mwanzo, friji za zamani zile zinazoganda barafu zinachukua mpaka 5.

Utajuaje vimekauka? Shika kimoja ukibonyeze. Chizi mbichi inaingia kidole, hii iliyokauka inakataa, ngozi yake ya juu imekuwa ngumu na pembe zimeiva rangi, zimekuwa kama zinapitisha mwangaza. Hiyo ngozi ndio siri yote. Ukiingiza kwa oveni maji machache yaliyobaki ndani yanageuka mvuke, mvuke unataka kutoka, ngozi inauzuia, bas kipande kinafura. Ukiingiza haijakauka hakuna ngozi ya kuzuia kitu, chizi inamwagika inakuwa chapati moja kwenye trei.

Hatua ya 4: moto

Washa oveni digrii 200 na uiache ishike moto barabara, dakika 15 kwa za gesi. Trei weka karatasi ya kuokea, ile dukani wanaita bekin pepa, usiweke karatasi ya nta, itayeyuka. Foili tupu pia chizi itanata. Panga vipande kwa nafasi ya vidole viwili, ingiza, na usiondoke hapo mlangoni. Dakika 3 mpaka 5 utaviona vinapanda juu. Oveni nyingi za gesi zina moto zaidi nyuma, kwa hivo vikianza tu kufura zungusha trei haraka. Vikishapata rangi ya dhahabu zima, fungua mlango kidogo, viache mlemle vipoe pole pole dakika 10, hapo ndio vinamalizia kukauka. Vikiingia kahawia vinakuwa vichungu, toa kabla.

Hatua ya 5: viungo

Chumvi usitie, cheddar yenyewe ina chumvi ya kutosha, na mwenye presha ahesabu hata hiyo. Mimi napenda bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa, na pilipili ya unga, vinyunyize vikiwa bado moto ili yale mafuta ya juu yashike. Habasoda pia inakwenda vizuri sana. Ukitaka ladha ya zile kachiri zinazouzwa Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa, ndimu ikamue pale unapokula tu, kipande kwa kipande, ukiimwaga kwa bakuli zima dakika mbili vyote vishalowa.

Kiasi nacho kiangalieni, gramu 30 za cheddar kabla hujakausha ni kama kalori 120, na vikikauka vinaonekana vichache kwa hivo mkono haujui kusimama. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari, usipunguze wanga ghafla kabla hujaongea na daktari wako, sukari inaweza kushuka kupita kiasi na hilo ni hatari.

Kuhifadhi

Vipoe kabisa, kabisa, ndio uvitie kwenye chupa ya glasi kavu yenye mfuniko unaobana, na chupa ikae friji. Kwa meza ya wazi hapa Mombasa nusu saa tu vishaanza kulegea, hasa msimu wa mvua. Vikilegea virudishe oveni digrii 150 dakika 3 au 4, viache vipoe, vitalia tena.

Kama huna oveni

Fraipeni isiyoshika chini inatosha, ila hapa hupati popkoni, unapata krisps nyembamba, na hizi hazihitaji kukaushwa siku zote hizo. Kwaruza cheddar, tia vijiko viwili viwili vya chakula katikati ya fraipeni kwa moto mdogo, tandaza mpaka uone chini ya fraipeni kwa mbali. Usipake mafuta, yatatoka yenyewe. Itayeyuka, itafanya mapovu na kelele nyingi, kelele ndio maji yanatoka. Mapovu yakipungua na sauti ikianza kufifia na ukingo umepata rangi, pindua na mwiko mwembamba, nusu dakika upande wa pili, toa juu ya tishu. Ukitaka kuikunja iwe kikombe cha kutilia kachumbari, ifunike juu ya mgongo wa bakuli dogo hapohapo ikiwa moto, dakika moja ikipita ishakauka, ukiilazimisha inavunjika.