Ukungu mweusi ukutani: usishike brashi ya rangi kabla hujajua maji yanatoka wapi

Wakuu salaam. Leo somo ni ule ukungu unaoanza kama vidoa vidogo kwenye kona, unaufuta, unarudi, alafu siku unasogeza kabati unakuta ukuta wote wa nyuma mweusi na nguo zinanuka uvundo. Mimi chumba cha watoto nilikipaka rangi upya mara mbili na mara zote ukarudi palepale, kumbe bomba la bafuni upande wa pili lilikuwa linavuja taratibu ndani ya ukuta, na muda wote huo mtoto anakohoa usiku. Iliniuma sana, ndo maana naandika kwa urefu.

Shikeni hili kwanza: mbegu za ukungu zipo hewani kila mahali, huwezi kuzimaliza, na chakula chake ni kidogo tu, vumbi la ukutani linamtosha. Kitu pekee unachoweza kumnyima ni maji.

Hatua ya 1: tafuta maji. Hapa msiharakishe, kazi yote iko hapa. Chukua kipande cha foili au nailoni, futa ukuta ukauke, kibandike kwa selotepu pande zote nne hewa isipite, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone juu ya foili, upande wa chumbani, huo ni mvuke wa ndani ya nyumba unaogandia ukuta wa baridi. Ukikuta unyevu nyuma yake, maji yanatokea ndani ya ukuta wenyewe. Hapo sasa angalia doa lilipo: likianzia chini na kuishia usawa wa kiuno hivi, plasta inabanduka, mara nyingi ni maji yanapanda kutoka ardhini. Likiwa juu au linakua mvua ikinyesha, angalia paa na mifereji. Likiwa karibu na bafu au jiko na haliangalii msimu, shuku bomba.

Hatua ya 2: ziba chanzo. Bomba na paa muite fundi. Ya ardhini ni ngumu kidogo, anza na vya bei nafuu, udongo uliorundikwa nje ya ukuta utoe, maji ya mvua yaelekeze mbali na msingi.

Hatua ya 3: safisha. Vaa glavu, barakoa na miwani, fungua madirisha. Usiusugue ukiwa mkavu, utarusha mbegu chumba kizima, lowanisha kwanza. Maji na sabuni vinatosha kwa ukuta wenye rangi, sugua, futa, kausha siku hiyohiyo. Na tafadhali sana, jiki usichanganye na siki wala dawa yenye amonia, inatoa gesi ya sumu. Eneo likizidi kama mita 1 ya mraba, au ni maji machafu yaliingia, tafuta mtu mwenye vifaa.

Hatua ya 4: rangi. Mpaka ukuta ukauke kabisa, hata kama ni wiki kadhaa. Rangi ya kuzuia fangasi inasaidia ila juu ya ukuta mbichi itabanduka tu.

Hatua ya 5: mazoea. Fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, funika sufuria, mlango wa bafu ufungwe ukioga na dirisha lake liwe wazi, kabati likae mbali na ukuta angalau sentimita 5, nguo mbichi usianike chumbani. Kipima unyevu ni kidude kidogo, kikisoma chini ya asilimia 60 uko salama, kati ya 30 na 50 ndo vizuri zaidi. Maji yakimwagika au yakivuja, kausha ndani ya saa 24 mpaka 48, ukichelewa ukungu unaanza.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nina unga mweupe ukutani, nao ni ukungu?
Jibu: Upulizie maji kidogo. Ukiyeyuka ni chumvi inayotolewa na maji yanayopita kwenye ukuta, sio ukungu, ila jua ukuta wako una maji, rudi hatua ya 1.

Swali: Jiki si inaua kabisa? Mbona kwangu imerudi?
Jibu: Inang'arisha doa la juu, ila kwenye kitu kinachonyonya kama plasta tupu au jipsamu mizizi inabaki ndani. Jipsamu iliyoota ukungu mpaka ndani kata kipande hicho, weka kipya.

Swali: Nimepanga chumba kimoja, dirisha moja, napika humohumo, nifanyeje?
Jibu: Pole dada. Jiko liweke karibu na dirisha, fungua dirisha na mlango pamoja wakati wa kupika na dakika kama 15 baada ya hapo, kitanda kitoe kwenye ukuta wa nje. Kama foili imeonyesha unyevu unatoka ukutani, piga picha zenye tarehe umpelekee mwenye nyumba, hiyo ni kazi yake sio yako.

Swali: Mwanangu ana pumu, anaweza kulala humo nikishasafisha?
Jibu: Wakati wa kusafisha asiwepo kabisa, na usiku huo alale chumba kingine. Arudi ukuta ukiwa mkavu na harufu imeisha. Akiendelea kubanwa kifua mpeleke hospitali na umwambie daktari kuhusu huo ukungu, usinyamaze, maana mimi nilichelewa kusema.